Ratiba ya Kisiwa Haiandikwi Kisumu

Safari ya wanafunzi wa chuo kwenda Rusinga na Mfangano, visiwa vya Ziwa Victoria, huharibikia mezani, huku Kisumu, kabla hata boti haijatafutwa. Mhadhiri huchukua karatasi na kugawa siku: Jumatatu historia, Jumanne utamaduni, Jumatano mazingira, Alhamisi majadiliano. Kwenye karatasi hiyo ratiba inapendeza. Ukishuka kisiwani hukuti siku ya historia peke yake. Mama anayeanika omena (dagaa) bichini anazungumza Dholuo, bibi yake alizungumza Olusuba, lugha ya Abasuba, wavu anaoanikia juu yake ni chakavu, wa aina iliyokatazwa kuvulia, na mahali aliposimama palifunikwa na maji ziwa lilipofura mwaka 2020. Utampeleka siku gani?

Haya tunayoeleza ni ya sisi tunaopanga safari hizi, za wanafunzi wa vyuo vya hapa na za wale wa ng'ambo wanaokuja kwa wiki chache. Mengi tumeyalipia karo.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo kosa kubwa hufanyika bila mtu kulijua. Vyuo vya Marekani na Ulaya hupenda kuleta wanafunzi Juni na Julai kwa kuwa ndio wakati wa likizo yao. Nchini Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki hao wapate kuzaana. Kikundi kinafika na daftari lenye kichwa "uchumi wa omena", kinakuta bichi tupu. Kama lengo ni kuona omena wakivuliwa, wakinunuliwa na wakianikwa, njoo kuanzia Agosti, au Januari kabla ya mvua za masika. Kama huna budi kuja Juni, badilisha swali: familia hula nini miezi hiyo minne, nani hukopesha nani, na ni nani huvunja marufuku na kwa nini. Swali hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, lakini halifai kuulizwa siku ya kwanza.

Baada ya mwezi wa kalenda kuna mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi taa za sola na za betri zimeenea. Taa huvuta samaki gizani tu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa ziwa zima, taa hazina kazi na wavuvi wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Kwa hiyo ukitaka wanafunzi wasimame kilimani usiku waone ziwa limewaka kama mji, chagua siku zilizo karibu na mwezi mwandamo. Ukitaka mazungumzo marefu na wavuvi, nenda mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu wakati wa giza mvuvi anayerudi saa kumi na mbili asubuhi anataka kuuza, kula na kulala. Usimsimamishe na kinasa sauti.

Kisha upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kujaza nafasi. Unaanza taratibu, na kufikia saa nane au saa tisa mchana umekuwa na nguvu. Ziwa letu ni pana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini si la kina kirefu. Wastani ni mita 40 hivi. Kwenye maji ya kina kifupi mawimbi huwa mafupi, yamesongamana na makali, nayo ndiyo hupiga boti ya mbao ubavuni na kumwaga maji ndani. Asubuhi ziwa limelala. Hii ndiyo sababu ya kanuni tusiyoilegeza: boti ya kwenda Mfangano iwe imeng'oa nanga kabla ya saa tatu asubuhi.

Ratiba ya Kisumu huivunja kanuni hii bila nia mbaya. Basi linatoka saa mbili badala ya saa kumi na mbili, maana kuna aliyechelewa. Linapita Kisian na Ndori kushuka Luanda K'Otieno, linangoja feri, linavuka, na watu wanafika Mbita, mji ulio mkabala na Rusinga, wakiwa na njaa. Wakimaliza kula ni saa nane na nusu. Mtu anasema, "Si mbali, twendeni tu." Hapo ndipo wanafunzi hutapika, mizigo hulowa na kamera hufa. Dawa yake ni kulala Mbita usiku wa kwanza. Gharama ya vitanda vya usiku mmoja iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikaonekana anasa ya mtu fulani. Feri nayo upigiwe simu jioni ya kuamkia safari, kwa sababu saa hubadilika na chombo huenda matengenezo. Feri isipokuwepo, zunguka kwa barabara kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Ni ndefu zaidi, lakini haitegemei chombo cha majini.

Kuhusu boti, watu 20 wapande boti mbili. Moja ingewatosha, lakini injini moja ikizima, boti ya pili ndiyo msaada pekee ulio karibu. Kagua jaketi la kuokoa maisha mmoja mmoja ukiwa bado bichini: mkanda unafunga, kifungo hakijavunjika, sponji haijalowa ikawa nzito. Jaketi lililokaliwa kama mto miaka miwili halielei vizuri. Kila mtu alivae na alifunge kabla ya kupanda, kwa sababu hakuna anayelifunga jaketi akiwa tayari majini. Mizigo mizito ikae katikati na chini, si mbele. Daftari na simu zifungwe kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Muulize nahodha ana mafuta ya akiba kiasi gani, na umtazame usoni anapojibu.

Rusinga haihitaji boti, kuna daraja. Na daraja lenyewe ni somo ambalo wengi hulipita wakiwa wanasinzia kwenye gari. Miaka ya 1980 lilijengwa tuta kuunganisha kisiwa na Mbita. Magari yakapita, maji yakazibwa. Mkondo uliokuwa ukisafisha upande huu na ule ukakatika, magugu maji yakapata pa kutulia, na boti zikalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Daraja lililochukua nafasi ya tuta ndilo lililofungua njia ya maji tena. Zoezi letu hapo ni rahisi: saa moja, wanafunzi wawili wanahesabu boti zinazopita chini, wawili wanahesabu bodaboda na matatu zinazopita juu, na wawili wanawauliza wazee wa pale palikuwaje wakati wa tuta. Saa moja ya namna hiyo inafungua midomo kuliko mhadhara.

Mabaki ya kale ya Rusinga yatembelewe asubuhi, kwa kuwa miteremko ile haina kivuli. Hapa ndipo Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, la nyani-mtu aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mwaka 2015 wataalamu waliyahamishia masalia ya Rusinga kwenye jenasi mpya, Ekembo, na spishi moja inaitwa heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya uchimbaji na akina Leakey. Jina hilo tunalirudia kwa makusudi, kwani wanafunzi huondoka wakikumbuka Leakey tu. Yaliyohifadhi mifupa ni majivu ya volkano ya kale ya Kisingiri. Yalifunika wanyama, majani, hata visiki vya miti, na kutokana na visiki hivyo inajulikana kwamba mahali hapa pakavu palikuwa msitu mnene.

Kosa la hapo lina sura moja. Mwanafunzi anaona kipande kinachong'aa, anakiokota, anamkimbilia mwalimu: "Mwalimu, hiki ni jino?" Huenda ni jino kweli. Lakini likishaondoka mahali pake halina tena tabaka, na bila tabaka halina umri. Tena ni mali ya taifa chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kwa hiyo kulitia mfukoni ni kosa. Kanuni tunayowafundisha wakiwa bado kwenye basi: mikono nyuma, macho chini. Ukiona kitu simama hapo hapo, piga picha ukiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, kisha mwite mwongozaji aje ulipo wewe.

Kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa na waziri wa Kenya, liko Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Wageni kutoka Marekani hufika wakijua ndege za wanafunzi, zile alizosaidia kuzipanga kupeleka vijana kusoma Marekani, ya kwanza ikiwa ya Septemba 1959 iliyobeba vijana 81, na karibu kila mara mmoja husema baba yake Barack Obama alikuwemo. Hakuwemo kwenye ndege hiyo. Alifika Hawaii mwaka huo huo kwa njia nyingine. Liacheni kosa litokee, halafu mlirekebishe pale pale, watalikumbuka. Ila wakumbushwe kwamba hapo ni nyumbani kwa watu. Mnapiga hodi, mnasalimia wenye boma kwanza, na kitabu cha wageni hutiwa sahihi kabla ya kamera kutolewa.

Kuhusu uendelevu, neno ambalo limetumika hadi likachakaa, tunaupenda mfano mmoja wa Rusinga kuliko mihadhara yote. Kuanzia 2012 hadi 2015, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, yenye kituo Mbita, pamoja na washirika wake iliweka mitego ya mbu kwenye nyumba zaidi ya 4,000 kisiwani. Mtego ulitumia harufu inayofanana na ya binadamu, na feni yake iliendeshwa kwa umeme wa jua. Paneli hiyo hiyo iliwasha balbu na kuchaji simu. Matokeo yalikuwa mazuri: malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa watu wa nyumba zenye mtego ikilinganishwa na zisizo nao, na mbu wa aina ya funestus walipungua kwa karibu asilimia 70. Sasa wape wanafunzi kazi. Betri ikifa, nani hununua nyingine? Ikiwa pesa ni za betri moja na mtu ana taa na mtego, ataokoa kipi? Mtafiti alileta mtego uliofuatana na taa, lakini mwenye nyumba huenda alipokea taa iliyofuatana na mtego. Mwanafunzi akilielewa hilo, hahitaji kukariri maana ya uendelevu.

Mfangano ni habari nyingine. Kutoka Mbita ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa boti ya abiria, kutegemea inapita bichi ngapi. Hapa Abasuba wameshikilia Olusuba kuliko ndugu zao wa Rusinga, ingawa Dholuo ndiyo lugha ya soko, kanisa na ndoa nyingi. Kwa mapokeo yao walikuja wakitokea upande wa Buganda. Jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba, lililoko Ramba, lianze ziara, lisiwe la mwisho. Wahusika wa pale ndio wanaojua ni ukoo gani unasimamia mahali gani, na wao ndio hukutafutia mwongozaji wa kwenda kwenye michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone.

Michoro ile, duara ndani ya duara na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inahusishwa na Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya waliopo sasa. Watu waliokuja baadaye hawakuiacha ikae bure. Mawanga palifanyiwa matambiko ya mvua. Kwa hiyo unaingia mahali penye heshima yake, na mwongozaji akikuambia uvue kofia, vua. Usiguse mwamba, maana mafuta ya kidole hubaki. Usimwagie maji ili rangi ionekane kwenye picha; maji huyeyusha chumvi za mwambani, zikikauka huacha utando mweupe unaofunika rangi. Usichore pembeni kwa chaki. Picha nzuri hupatikana kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, na mtu mmoja akishika kitambaa cheupe kurudisha mwanga. Kupanda Kwitone kunahitaji viatu vyenye meno na lita mbili za maji kwa kila mtu. Malapa yabaki chini.

Mahojiano na wazee ndiyo sehemu inayotaka subira. Barua ya chuo ipelekwe kwa chifu mapema, si siku mnayofika. Ikiwa majibu yatatumika kwenye utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iwe mkononi, na kwa wageni isianze kushughulikiwa wiki ya mwisho. Timu iwe ya watu watatu: mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anaangalia mashine. Kumi na wawili wakimzunguka mzee mmoja, hiyo ni baraza, naye atatoa hotuba. Maswali yawe sita. Tumeona daftari zenye maswali 30. Mzee hufika la tisa akaanza kujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili mwondoke.

Salamu zina uzito. Mwanaume mzee huitwa jaduong', na mama huitwa kwa jina la mtoto wake, Min fulani, ukishalijua. Mwanafunzi wa kutoka Nakuru asifikiri Kiswahili chake kinatosha. Swali la Kiswahili hupata jibu fupi la Kiswahili, na hadithi yenyewe inabaki kwenye Dholuo au Olusuba. Mkalimani awe wa pale, alipwe kwa siku, na aambiwe asifupishe. Mzee akisema dakika tatu na tafsiri ikawa "anasema zamani kulikuwa na samaki", rudisheni. Shukrani ya sukari na majani ya chai inafaa kila boma. Pesa zikitolewa, kiasi kiwe kimoja kwa wote na kiamuliwe na wenyeji, la sivyo mtaacha ugomvi nyuma yenu. Mjadala wa wanawake na samaki, ule uhusiano unaoitwa jaboya ambapo mnunuzi hudaiwa mwili wake ili auziwe, usiulizwe bichini wanaume wakisikiliza. Kama haupo wakati wa mwanafunzi wa kike kukaa na akina mama faraghani, swali hilo lisiulizwe kabisa.

Bichini fikeni mapema, kumi na mbili na nusu, na mjitambulishe kwa ofisi ya BMU, kamati inayosimamia bichi. Omena hununuliwa kwa karai, kisha akina mama huwatandaza juu ya nyavu kuukuu. Jua kali likiwaka wanakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha wanaoza au wanapoteza rangi, na waliokuwa chakula cha watu wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana mama anatazama mawingu wakati wewe unamuuliza kuhusu mabadiliko ya tabianchi; anakujibu tayari.

Mchana agizeni mgongo wazi angalau mara moja. Mbuta (sangara) aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala fulu na samaki wengine wadogo, viwanda vikaja kununua minofu ya kupeleka ng'ambo, na wenye ziwa wakabakiwa na mifupa yenye nyama kidogo, wakaikaanga, wakaipa jina. Sahani moja inabeba historia, mapishi na ikolojia, na mhadhiri anaweza kunyamaza. Mkinunua mbuta mzima, msinunue aliye chini ya sentimita 50. Ni mchanga, hajazaa. Haipendezi kuhubiri hifadhi asubuhi na kumla kitoto jioni.

Maji ya kunywa hesabuni lita tatu kwa mtu kwa siku. Watu 20 ni mitungi mitatu ya lita 20. Maji ya ziwa yakitumika yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yachemshwe au kutiwa klorini. Ukitia klorini kwenye maji yenye tope, dawa huliwa na tope. Pesa zibebwe za noti ndogo, kwa kuwa wakala wa M-Pesa kisiwani huweza kuishiwa. Simu zizimiwe huduma ya mitandao ya nje, zisije zikashika mnara wa Uganda na kumeza salio. Chupa za plastiki mlizokuja nazo zirudi nanyi Kisumu kwenye gunia, hesabu kwa hesabu.

Malaria kila mtu anaijua: dawa ya kinga ianzwe kabla ya safari kadiri daktari alivyoelekeza, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Jioni watu wakae mbali na matete, huko ndiko viboko hupandia nchi kavu kula. Linalosahauliwa ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya ufukweni na hupenya ngozi iliyo nzima. Mwanafunzi aliyeapa hataogelea hulowa anaposhuka botini, maji ya magotini, dakika mbili tu. Bebeni gambuti za kubadilishana, au lipeni vijana wa bichi wanaobeba abiria mgongoni. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yapashwe moto, au yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, na vijidudu vitakuwa vimekufa.

Mkirudi, nakala za sauti na picha zipelekwe Ramba kwenye flashi kabla ya matokeo ya mtihani kutoka, maana baada ya hapo hakuna anayekumbuka. Na mwenye orodha ya simu aweke kengele ya wiki ya nane. Kipimo cha kichocho kikifanywa mapema mno huweza kutoonyesha kitu. Siku hiyo amtumie ujumbe kila aliyelowa miguu, aliyeko Kisumu na aliyeko Marekani: nenda kapime, na mwambie daktari ulikuwa Ziwa Victoria, kwa sababu yule wa kwenu huenda asiulize.